Maji na Vituo: Historia ya Njia ya Nairobi hadi Mombasa

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa takriban kilomita 480. Huanzia kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, hupita nyanda za Athi na Kapiti, hushuka polepole kupitia Ukambani, hukatiza nyika ya Tsavo na Taru, kisha huporomoka Mazeras na kuingia kisiwani Mombasa. Gari dogo huimaliza kwa siku moja. Mwendesha pikipiki asiye na haraka huigawa kwa siku mbili au tatu, na vituo anavyolala na kujaza tangi ni karibu vile vile walivyopumzika wapagazi wa msafara, waendeshaji wa magari ya ng'ombe na mafundi wa reli. Maji ndiyo yaliyoviteua. Kati ya Mombasa na Mto Athi kuna sehemu chache tu zenye maji mwaka mzima, na kila aliyepita njia hii, kwa miguu au kwa magurudumu, ilimbidi azifuate.

Mwanzoni mwa karne ya 19 walioitawala njia hii walikuwa Wakamba. Walikusanya pembe za ndovu bara na kuzishusha hadi kwa Wamijikenda, ambao nao walikuwa madalali kati yao na wafanyabiashara wa mji. Baadhi ya Wakamba walihamia kabisa Rabai na maeneo jirani, wakawa na jamaa kwenye ncha zote mbili za njia, jambo lililowapa uwezo mkubwa wa biashara. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifuata njia zao alipokwenda Ukambani mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Alipokuwa huko ndipo alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea Mto Tana, msafara ukashambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alirudi peke yake porini, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na katika mkoba wa ngozi wa darubini yake. Mtu anayefikia kugeuza bunduki kuwa kibuyu amekwisha kujifunza kwamba katika nchi ile kiu humtangulia adui.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo misafara ya Waswahili na Waarabu iliingia bara kwa wingi zaidi, na safari ikawa na taratibu zake. Wapagazi walijipanga mjini, wakakabidhiwa mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja: nguo, shanga, waya wa shaba. Juu ya hiyo kila mtu alibeba vyake mwenyewe, yaani mkeka, sufuria na kibuyu. Kiongozi alitangulia, wanyapara na askari wakasimamia mstari, na posho ilipimwa kwa kibaba. Siku za kwanza zilikuwa nyepesi, kwa kuwa Rabai na Mazeras zina mashamba, minazi na visima. Mtihani ulianza baada ya Samburu, kwenye nyika ya Taru.

Taru ni uwanda mkavu wa vichaka vya miiba na udongo mwekundu, usio na mto. Maji yake yalikuwa ya mvua, yaliyotuama katika ngurunga, mashimo ya asili kwenye miamba. Ngurunga zikiwa zimejaa, msafara ulivuka salama. Zikiwa tupu, watu walikufa. Kutoka Taru hadi mlima wa Maungu ni zaidi ya kilomita 50 bila tone la maji, na hata Maungu kwenyewe maji yalipatikana juu mlimani, si pale chini watu walipotua mizigo. Njia ya kuvuka sehemu kama hiyo ilikuwa kutirikeza: msafara huondoka mchana baada ya watu kunywa na kujaza vibuyu, hutembea hadi usiku, hulala pasipo maji, kisha huamka kabla ya alfajiri ili uyafikie maji kabla jua halijawa kali. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipotoka pwani kuelekea Umasaini alipita Taru, Maungu na Ndara kwa utaratibu huo huo, na maelezo yake ya nyika hiyo yaliwatia hofu wasomaji wengi wa Ulaya.

Baada ya Ndara na Voi hali ilibadilika. Milima ya Taita ilitoa maji na chakula. Mbele kulikuwa na Mto Tsavo, kisha Kibwezi na Makindu, ambako chemchemi hububujika hata wakati wa kiangazi. Chemchemi hizi zote zina mama mmoja, safu ya milima ya Chyulu. Chyulu ni milima ya volkano, miamba yake ina matundu, na mvua inayonyesha juu haitiririki bali huzama ardhini na kutokea chini, mbali na ilikoangukia. Chemchemi za Mzima, Kibwezi na Makindu zote hulishwa hivyo. Safu hiyo haina mto hata mmoja mgongoni mwake, lakini pasipo hiyo nusu ya njia ya Mombasa isingepitika.

Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, iliirithi njia ya misafara na kutaka kuipanua. Mwaka 1889 ilijenga ngome Machakos. Kisha ikaanza kufyeka barabara ya magari ya ng'ombe kutoka pwani hadi Kibwezi, iliyopewa jina la mwenyekiti wake, William Mackinnon. Kibwezi ilipata pia kituo cha wamisionari wa Kiskoti mwaka 1891, ingawa malaria iliwafukuza, na mwaka 1898 kituo hicho kikahamishiwa Kikuyu. Kuanzia Kibwezi kuelekea magharibi, barabara iliendelezwa na Kapteni Bertram Sclater kati ya 1894 na 1896 hadi mpaka wa Uganda wa leo. Kwa jumla ilikuwa njia ya karibu kilomita 970. Kwenye ramani ilionekana mkombozi wa mpagazi, maana jozi chache za ng'ombe zingevuta mizigo ya watu wengi. Lakini katika nyika ya chini mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na nyumbu kwa wingi, na waliosalia walihitaji maji mengi kuliko binadamu. Mzigo ukarudi kichwani mwa mpagazi.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na tatizo lake la kwanza lilikuwa lile lile. Maelfu ya vibarua walifanya kazi Taru, mahali pasipoweza kunywesha hata watu mia. Treni za maji zililazimika kusukumwa kila siku kutoka pwani hadi mwisho wa reli, na ikichelewa moja tu, kazi ilisimama. Takriban Wahindi 32,000 waliletwa kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Ajali na maradhi viliua wengi zaidi kuliko simba wawili wa Tsavo, ambao mwaka 1898 walisimamisha ujenzi wa daraja la mto huo hadi J. H. Patterson alipowaua mwezi Desemba. Patterson alidai simba hao walikula watu 135. Uchunguzi wa kisayansi wa karne ya 21 uliofanyiwa mabaki yao ulileta makadirio ya takriban watu 35. Hata hiyo ni idadi ya kutisha kwa kambi moja, na inasikitisha kwamba majina ya wanyama hao yanajulikana duniani kote huku ya waliouawa yakikumbukwa na wachache mno.

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899. Safari iliyokula wiki kadhaa ikawa ya takriban saa 24. Vituo vyake havikuchaguliwa ovyo. Injini ya mvuke hunywa maji kama ilivyokuwa misafara, kwa hiyo Voi, Tsavo, Kibwezi na Makindu zilipata matangi na stesheni, na njia ya chuma ikafuata karibu sana ile ya vibuyu. Abiria walishushwa Voi wale chakula cha jioni katika nyumba ya wageni ya reli. Palipokosa maji ya asili yaliletwa kwa bomba au kwa mabehewa, na hapo ndipo miji mipya ilipozaliwa: Mackinnon Road, Emali, na Sultan Hamud iliyopewa jina la Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar wa wakati huo.

Vibarua wa reli waliacha vituo viwili ambavyo msafiri wa leo bado huvitegemea, na vinastahili kuelezwa kuliko madaraja yote. Cha kwanza ni msikiti wa Mackinnon Road, kando kabisa ya reli, wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, anayeitwa pia Pir Padree. Inasimuliwa kwamba alikuwa mmoja wa wafanyakazi kutoka Bara Hindi, na kwamba karai la mchanga alilobeba lilielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa. Madereva wa malori, wa mabasi na waendesha pikipiki, Waislamu na wasio Waislamu, husimama hapo waombe dua ya safari njema. Cha pili ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 mahali ambapo wafanyakazi wa reli walikuwa wakikusanyika kwa ibada. Kila anayeingia, wa dini yoyote, hupewa chai na chakula bila malipo, na anayetaka kulala hupewa kitanda. Katika njia ambayo kwa karne nzima maji yalipimwa kwa kibaba, ukarimu huo ni hazina.

Pikipiki zilionekana kwa wingi upande huu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Agosti 1914 vikosi vya Wajerumani kutoka Tanzania ya leo viliteka Taveta, na kutoka huko vikundi vidogo vilivuka nyika kwa miguu kwenda kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Waingereza walijibu kwa kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta na kulaza bomba la maji kutoka Bura hadi kambi yao ya Maktau, kwani bila bomba hilo jeshi lisingeweza kukaa hapo hata siku mbili. Baina ya kambi hizo matarishi wa jeshi walipeleka barua na amri kwa pikipiki. Mashine zilikuwa nzito, matairi membamba, njia yenyewe mchanga na miiba. Pancha na mnyororo kukatika vilikuwa jambo la kila siku. Ramani ya mapigano ya Salaita ya Februari 1916 huhusisha Voi, Bura, Maktau na Taveta, vituo vile vile vya misafara iliyokwenda Kilimanjaro.

Baada ya vita mtu angetarajia barabara nzuri. Haikujengwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na deni na maslahi katika reli, ikaogopa kwamba barabara ingeinyang'anya mizigo. Katika miaka ya 1930 sheria ilibana usafirishaji wa bidhaa kwa malori kati ya Mombasa na Nairobi, na njia yenyewe ikaachwa kama ilivyokuwa: vumbi jekundu Tsavo, mashimo Taru, na udongo mweusi wa nyanda za Kapiti ambao hushika magurudumu mvua inyeshapo. Waliothubutu kuipita kwa gari au pikipiki walibeba madebe ya maji na petroli, majembe, mbao za kuwekwa chini ya tairi, na chakula cha siku za ziada. Uamuzi huo wa kulinda reli ulichelewesha biashara ya pwani na bara kwa kizazi kizima, na walioumia zaidi walikuwa wakulima na wachuuzi Waafrika wasioweza kukodi behewa.

Mambo mawili yalibadilisha nyika miaka michache baadaye. Mwaka 1948 eneo kubwa pande zote za reli lilitangazwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na barabara ikawa mpaka kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Waliokuwa wakiwinda na kulisha mifugo humo, Wataita, Wakamba na Wawata, walifungiwa nje ya ardhi waliyoizoea. Kisha katika miaka ya 1950 bomba la takriban kilomita 220 lililazwa kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa. Maji ya Chyulu yakaanza kusafiri yenyewe kwenda pwani, sambamba na njia ambayo zamani wapagazi walikauka makoo wakiitembea. Miji ya kandokando iliungwa kwenye bomba hilo kwa uchache na kwa kuchelewa, na malalamiko ya Taita kwamba maji yao yanapita mlangoni kwenda kwa wengine yangali hai.

Mashindano ya magari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa maarufu kama Safari Rally. Barabara za Taita na nyika zilikuwa miongoni mwa vipimo vyake vikali. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alionyesha kwamba katika njia kama hizi ujuzi wa fundi huzidi nguvu ya injini. Ni katika miaka hiyo ya 1960, Kenya ikiwa imekwisha kuwa huru, ndipo lami ilipowekwa kati ya Nairobi na Mombasa. Mtito Andei, karibu katikati ya njia, ikawa mahali pa mabasi na malori kupumzika, kujaza mafuta na kubadilisha madereva.

Lami haikumaliza taabu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliikatakata barabara vibaya, malori yakakwama kwa siku nyingi, na abiria wakalala njiani mithili ya misafara ya kale. Ujenzi mpya wa miaka ya 2000, sehemu baada ya sehemu, Sultan Hamud hadi Mtito Andei na kutoka hapo hadi Maji ya Chumvi, ndio uliorudisha mwendo wa kawaida.

Wakati huo huo pikipiki ilikuwa inabadilika kutoka chombo cha ofisa wa kilimo, mwalimu na padri kuwa chombo cha kila mtu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zenye injini chini ya sentimita 250 za ujazo, na bodaboda zikajaa kila mji wa barabara hii, kutoka Mlolongo hadi Mariakani. Kila kijiji kikawa na fundi wa mnyororo, plagi na pancha. Hilo ndilo lililofanya safari ndefu ya pikipiki kwenda pwani iwezekane kwa mtu wa kawaida: asiye na gari la kumsindikiza hupata spea na msaada kila baada ya kilomita chache, isipokuwa ndani ya Tsavo.

Safari hiyo ina mpangilio wake. Huanza kabla ya mapambazuko ili kuyawahi malori ya Mlolongo na Athi River. Barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2022 haiwahusu wasafiri hawa, kwani pikipiki haziruhusiwi humo. Chai hunywewa Emali au Makindu. Baada ya Mtito Andei joto huanza, na upepo wa malori ya trela humsukuma mwendeshaji hadi ukingoni mwa lami. Ndovu huvuka barabara, hasa jioni, kwa hiyo wenye hekima hulala Voi na kuiacha Taru ya siku ya pili asubuhi. Huko ni kutirikeza kwa namna nyingine. Kuingia mbugani kwa pikipiki hakuruhusiwi kwa kawaida, hivyo Tsavo huonekana kutoka barabarani tu. Tangu barabara ya Voi hadi Taveta ilipowekwa lami katika muongo wa 2010, wengine hukunja Emali, hupita Loitokitok chini ya Kilimanjaro, hushukia Taveta, na kurudi Voi kupitia Maktau na Bura, kwenye njia ya Thomson na ya matarishi wa 1916.

Mwezi Mei 2017 reli ya kisasa ilifunguliwa, na treni ya mwendo wa saa tano hadi sita ikachukua abiria wengi wa mabasi. Treni ya usiku ya reli ya zamani ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Kontena zilipoamriwa kusafiri kwa reli, hoteli, gereji na wauza matunda wa Mtito Andei na Mariakani walipoteza wateja, na amri hiyo ilipofutwa mwaka 2022 malori yalianza kurejea. Waendesha pikipiki hawakuhusika katika mvutano huo, lakini katika miaka hiyo ya ukame wa biashara walikuwa miongoni mwa wachache ambao bado walilazimika kusimama.

Mwisho wa njia nao umebadilika mara nyingi. Zamani misafara ya Mombasa ilivuka maji kwa mitumbwi hadi bara. Makupa ilipata tuta la barabara mwaka 1929, na tuta hilo likabomolewa kupisha daraja lililofunguliwa mwaka 2022, ili maji ya bahari yapite tena. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931 na la sasa mwaka 1980. Likoni iliendelea kutegemea feri, na wakazi wa kusini hawajasahau kuzama kwa feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walipokufa. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo awamu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, sasa inamwezesha msafiri kukunja kabla ya kisiwa, na anayekwenda Diani kwa pikipiki huweza kufika huko bila kupita feri wala kuingia Mombasa mjini.